Nyumba Nayo Ichome Bambo Kabla Hujalipa

Leo tuweke pembeni mambo ya mzigo na madeni ya wateja, tuongelee nyumba. Najua kwa wengi wetu hela ya duka ndiyo hiyo hiyo ya nyumba. Umeuza miaka minane au kumi, umejinyima, kikoba kimetoa gawio, sasa umeona nyumba inauzwa na mbele ina nafasi ya fremu mbili. Dalali anakwambia kuna mtu anakuja kesho na hela taslimu. Hapo ndipo swali linakuja: nimlipe mtaalamu aje apime na kukagua, au hela hiyo niiongeze kwenye bei nimalizane na mwenye nyumba?

Mimi nauza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Kwenye kaunta yangu wanapita watu wa aina mbili. Wa kwanza anataka kuuza nyumba, ananunua ndoo mbili za rangi, saruji nyeupe kidogo na brashi. Wa pili kanunua nyumba juzi, anauliza bei ya bati, mbao za kenchi na nondo. Mara nyingine ukiwauliza nyumba iko wapi, unakuta ni ile ile. Sisemi kila anayepaka rangi ni tapeli. Hata wewe ukiuza pikipiki unaiosha kwanza. Lakini rangi mpya haisemi chochote kuhusu ukuta ulio chini yake.

Wauza nafaka mnanielewa vizuri. Hakuna anayenunua magunia mia ya mchele kwa kuangalia gunia kwa nje. Unalichoma bambo, punje zinatoka kiganjani, unaangalia chenga, unanusa, ndipo unaongea bei. Nyumba ni gunia kubwa kuliko yote utakayonunua maishani. Sasa tuone bambo lake ni lipi, na je, kila nyumba inahitaji bambo refu?

KWANZA TUTENGANISHE MAMBO MANNE

Watu wakisema "nyumba imepimwa" huwa wanachanganya vitu vinne. Kila kimoja kinajibu swali lake, na kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

1. Upekuzi wa hati. Huu unafanyika ofisi ya ardhi, kwa msajili wa hati. Unajibu swali: jina kwenye daftari la serikali ni la nani, na je, kuna rehani ya benki au zuio? Hapa hakuna anayekwenda kuiona nyumba. Ni makaratasi tu, na ada yake ni ndogo ukilinganisha na mengine yote.

2. Upimaji wa mipaka. Hii ni kazi ya mpima ardhi. Swali lake: hiki kiwanja kinaanzia wapi na kuishia wapi, na nyumba ninayoiona imekaa ndani yake yote au imetoka nje?

3. Ukaguzi wa jengo. Hapa anakuja mhandisi, au fundi mzoefu kama nyumba ni ya kawaida. Anaangalia kama nyumba ni nzima au mgonjwa, na kuitibu kutagharimu nini.

4. Uthamini. Hii ni kazi ya mthamini aliyesajiliwa, na Tanzania ina sheria yake, Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Yeye anakwambia nyumba hii sokoni leo ina thamani gani.

Hapo kwenye namba nne kuna mtego kwa wanaonunua kwa mkopo. Benki ikituma mthamini, mnunuzi anajisemea, "Basi, benki imekagua." Hapana. Mthamini yule anafanya kazi ya benki. Benki inataka kujua kitu kimoja: ukishindwa kulipa, nyumba ikiuzwa haraka haraka, hela yao itarudi? Hapandi kwenye dari kutafuta mchwa kwa niaba yako, wala hamwagi maji chooni aone yanakwenda wapi. Ripoti yake ina faida, lakini haikujibu kama jengo ni zima.

Na muhuri wa serikali ya mtaa nao tuuelewe. Mwenyekiti anashuhudia kwamba fulani kamuuzia fulani mbele yake. Hana kipimo mkononi. Mipaka haithibitishwi kwa muhuri.

MIPAKA: HAPA NDIPO HELA NYINGI INAPOZAMA

Mitaani tunauziana kwa miguu. "Ishirini kwa ishirini, mama, kikubwa hiki." Sasa tupige hesabu. Mazoea yetu yanasema miguu 70 kwa 70 ni ekari moja. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Ili hesabu hiyo ikubali, kila mguu lazima uwe karibu sentimita 91, yaani hatua ndefu kweli. Kwa hatua hizo, kiwanja cha 20 kwa 20 ni kama mita za mraba 331. Akikipima mtu mfupi wa hatua za sentimita 75, unapata mita 15 kwa 15, yaani 225. Na wewe kichwani ulishafikiria mita 20 kwa 20, ambazo ni 400. Maneno ni yale yale "ishirini kwa ishirini", lakini kati ya 400 na 225 umepoteza karibu nusu ya kiwanja. Kwa hiyo kabla ya mtaalamu yeyote, nenda na futi kamba ya mita 50, upime mwenyewe. Mimi nauza, lakini hata ya kuazima kwa fundi inatosha.

Kama eneo limepimwa rasmi, kona zake zina bikoni zenye namba, na kuna ramani ya upimaji inayoonyesha kila bikoni iko wapi kwa vipimo. Wengi tunaishia kuiona bikoni na kuridhika. Tatizo ni kwamba bikoni inaweza kung'olewa na kusogezwa usiku mmoja. Kufanya hivyo ni kosa kisheria, lakini linafanyika. Usichoweza kuking'oa ni vipimo vilivyo kwenye ramani. Mpima anakuja na mashine yake, anatafuta kona kwa vipimo vya ramani, kisha anakwambia kama bikoni unayoiona iko pale inapotakiwa na kama ukuta wa nyumba uko ndani.

Mteja wangu mmoja, mama anayeuza vitenge, alipata nyumba yenye fremu mbili mbele, na fremu ndizo zilizomvuta. Akaleta mpima kabla ya kutoa kishika uchumba. Ikaonekana fremu zote mbili zimejengwa nje ya mpaka, ziko kwenye eneo la barabara ya mtaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ndani, haina shida. Kwa hiyo hakuacha kununua. Alimwambia mwenye nyumba: nanunua nyumba, fremu sizihesabu. Bei ikashuka kwa milioni kadhaa, mara nyingi kuliko alichomlipa mpima. Na leo anajua kwamba akitaka fremu za uhakika, atazijenga kwa ndani.

Hilo la barabara msilichukulie kimasihara. Kwenye barabara kuu hifadhi inahesabiwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na kuna sehemu ni pana zaidi ya hapo. Waliokuwepo mwaka 2017 wanakumbuka nyumba zilivyobomolewa barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Zilikuwemo nyumba nzuri na maduka makubwa, na waliosema walijenga miaka mingi nyuma. Alama ya X nyekundu ukutani ilimaanisha uko ndani ya hifadhi na fidia usiitegemee. Sasa wewe mfanyabiashara unapenda nyumba ya barabarani kwa sababu ya wateja. Sawa kabisa. Ila ndiyo hiyo hiyo inayohitaji kupimwa kuliko nyumba ya ndani ndani huko.

Maji nayo yana mpaka wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Ukiona nyumba ya bei poa karibu na mto, bei hiyo ina sababu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu bondeni Jangwani, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Mto unaouona mwembamba Agosti si ule utakaouona masika.

Je, kama eneo halijapimwa kabisa? Nyumba nyingi tunazoweza kununua sisi ziko huko. Hapa fanya hivi. Waite majirani wa pande zote, zungukeni mpaka pamoja na muuzaji, kila mmoja aseme wazi "hapa ndipo mwisho wangu". Pimeni kwa futi. Mpima achukue vipimo vya kila kona, mchoro uingie kwenye mkataba, majirani watie saini. Halafu nenda halmashauri, idara ya ardhi, uulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji na kiwanja chako kimeangukia nini. Kuna watu wamenunua nyumba, kumbe kwenye mchoro pale ni barabara, shule au uwanja wa wazi. Na urasimishaji ukija, barabara zinahitaji kupita, kwa hiyo kipande kinaweza kumegwa. Kama kipande kinachomegwa ndicho chenye fremu zako, ni bora ujue leo.

JENGO: VITU UNAVYOWEZA KUVIONA MWENYEWE

Kabla ya kumlipa mtu, nenda mwenyewe mara mbili: mara moja mchana wa jua, mara nyingine baada ya mvua kubwa. Nenda na tochi, sarafu na ndoo ya maji.

Nyufa. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ni kawaida, lipu inakauka na kusinyaa. Ufa wa kuogopa ni unaotoka kona ya dirisha au mlango ukapanda kiupande kama ngazi, ukifuata maungio ya tofali, na hasa ule ambao kidole kinaingia. Huo unasema upande mmoja wa msingi umeshuka. Zunguka nje uone kama ufa huo umetokea upande wa pili. Ukitokea, ni wa ukuta wenyewe. Kwenye udongo wa mfinyanzi mweusi, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, nyufa za hivi haziponi kwa saruji nyeupe. Utaziba leo, mwakani zitarudi.

Lipu. Gonga ukuta kwa sarafu, sehemu sehemu. Ukisikia mlio wa utupu, lipu imeachana na tofali.

Unyevu. Angalia chini ya ukuta, kimo cha goti. Rangi inayobanduka na unga mweupe wa chumvi maana yake maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikuta chumba kizima ni cha zamani, lakini kipande cha chini kimepakwa rangi mpya peke yake, uliza kwa nini.

Alama ya mafuriko. Mwenye nyumba anaweza kupaka rangi kuta zake, hawezi kupaka kuta za jirani. Tazama uzio wa jirani kama una mstari wa tope. Kisha zungumza na wapangaji wa jirani, hasa wa siku nyingi. Swali moja linatosha: "Masika maji yanafika wapi?"

Paa. Panda kwenye kidirisha cha dari na tochi. Zima tochi kwanza: ukiona vimwanga vidogo kama nyota, bati limetoboka. Washa tochi, tafuta vijia vya udongo vya mchwa kwenye mbao za kenchi. Chomeka bisibisi kwenye mbao. Ikizama kama kwenye mkate, hiyo kenchi imekwisha.

Zege. Ukiona chini ya lenta au kwenye nguzo zege limebanduka na nondo inaonekana ina kutu, hiyo si kazi ya kuziba tu. Kutu inaivimbisha nondo, nondo inapasua zege. Nyumba za karibu na bahari, na zilizojengwa kwa mchanga wenye chumvi, zina ugonjwa huu sana.

Choo na maji taka. Mwaga ndoo nzima ya maji, kisha nenda kwenye chemba uangalie. Uliza shimo liko wapi na lilinyonywa lini mara ya mwisho. Shimo linalojaa kila baada ya wiki chache ni gharama ya kudumu, kama kulipa kodi ya pango kwenye nyumba yako mwenyewe. Jamaa mmoja anayeuza vipuri vya bodaboda alinunua nyumba kiangazi, kila kitu safi. Masika ya kwanza shimo likarudisha maji ndani. Alichimba jipya, uwanja ukawa mdogo, akachimba karibu na ukuta, ukuta ukaanza kupasuka. Hela ya kununulia vipuri iliishia ardhini, na duka likakaa miezi mitatu na mbao nusu tupu.

Umeme. Fungua kasha la fyuzi. Waya zilizoungwa ungwa kwa utepe na kukosekana kwa waya wa ethi ni kazi ya fundi umeme, hasa kama utaweka friji za kuuzia vinywaji. Angalia pia namba ya mita ya LUKU na deni lake. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo mita iliyokaa bila kuwekewa umeme inaweza kuwa imekusanya deni.

Ukimaliza ukaguzi huu wa macho, utakuwa na picha. Kama umekuta mawili matatu ya kutisha, hapo ndipo mtaalamu anahitajika, au ndipo unaaga na kwenda zako.

LINI ULIPIE, LINI USILIPIE

Si kila nyumba inahitaji kila kitu. Mimi napanga hivi.

Mpima wa mipaka mlipie karibu kila mara. Anayeweza kumruka ni yule tu anayenunua kwenye mradi uliopimwa karibuni, mwenye ramani mkononi, bikoni zote zipo, na majirani wameshajenga bila ugomvi. Hata huyo, futi kamba iwepo. Na kama unanunua nyumba mbovu ili ubomoe ujenge upya, usilipie ukaguzi wa jengo hata shilingi. Mlipie mpima peke yake, kwa sababu unachonunua ni ardhi.

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mlipie kama moja ya haya lipo: nyumba ni ya ghorofa, unataka kuongeza ghorofa juu, umeona nyufa za ngazi au nondo zenye kutu, iko bondeni, mteremkoni au kwenye mfinyanzi mweusi, au hela unayotoa ndiyo yote uliyonayo. Hilo la kuongeza ghorofa nalisisitiza. Wafanyabiashara tunapenda kusema "chini maduka, juu nitaishi". Msingi wa nyumba ya chini haukupigiwa hesabu ya kubeba ghorofa. Hilo haliamuliwi kwa kuangalia unene wa ukuta.

Fundi mzoefu anatosha kama nyumba ni ya kawaida ya chini, haina ugonjwa mkubwa unaoonekana, na wewe unataka tu kujua matengenezo yatakula kiasi gani. Mlipe kwa siku yake, na mwambie mapema kwamba kazi ya matengenezo hutampa yeye. Fundi anayetegemea kupata kazi ataona ugonjwa hata kwenye ukuta mzima, au ataficha ugonjwa ili usiogope kununua.

Mthamini binafsi mlipie kama hujui bei za eneo hilo kabisa, kama mnagawana mali, au kama muuzaji ni ndugu na hutaki lawama baadaye. Kama umeshaona nyumba tano za mtaa huo na bei zake, unaweza kumruka.

MPANGILIO WA KULIPA

Hapa ndipo unapookoa hela. Anza na cha bei rahisi, maliza na cha bei ghali, na kila hatua ikikwama usiende ya pili.

Kwanza, macho yako na futi kamba, bure. Pili, upekuzi wa hati. Kama jina si la muuzaji au kuna rehani, unaishia hapo kwa hela ndogo. Hapo hapo kagua miaka iliyobaki kwenye hati, maana kwa sheria zetu ardhi ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati ni haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99. Muulize pia muuzaji kuhusu mwenza wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Tatu, fundi. Nne, mpima. Tano, mhandisi, kama sababu ipo.

Wote hao uwatafute wewe na uwalipe wewe. Asiletwe na dalali, asiletwe na muuzaji. Dalali anapata chake nyumba ikiuzwa, usimpe kazi ya kukwambia isinunuliwe. Na ripoti iwe ya maandishi, yenye jina, saini na picha. Maneno ya mdomo hayakusaidii kwenye kupunguziwa bei.

Sasa hesabu ya kibiashara. Bei za wataalamu zinatofautiana kwa mji na ukubwa wa kazi, uliza watatu kabla ya kukubali. Lakini tuseme nyumba ni milioni 48, na ukaguzi wote umekula 900,000. Hiyo ni chini ya shilingi mbili kwenye kila mia. Ukikuta paa linahitaji milioni 6, unakwenda mezani na karatasi: "Mzee, shikamoo. Nyumba nimeipenda, lakini kenchi zimeliwa, makadirio haya hapa. Nakupa 42." Hata akikubali 45, ukaguzi umeshajilipa na umebaki na chenji. Ukikuta nyumba nzima haina shida, umelipa 900,000 kwa ajili ya usingizi. Na ukikuta haifai kabisa, unasikia uchungu wa 900,000, lakini milioni 48 bado ziko kwako. Hela hiyo haijapotea, imekununulia jibu.

Kuna mtu atasema: "900,000 ni mtaji wangu wa wiki mbili." Ni kweli, naelewa. Ndiyo maana nimesema anza na vya bure na vya bei rahisi. Wengi watakwama kwenye hatua mbili za kwanza na hawatafika kwenye gharama kubwa. Lakini nyumba iliyopita hatua zote na bado unaogopa kulipia mpima, jiulize: kama hizo hela za mpima zinakuumiza, zile za kubomolewa utazitoa wapi?

MUUZAJI AKIKATAA

Omba ukaguzi kabla ya kutoa kishika uchumba, na uombe kwa heshima. "Baba, naomba siku tano, mpima wangu apite, na fundi aangalie dari." Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo kisha atakubali, kwa sababu naye anataka mnunuzi wa uhakika. Kama anaogopa kwamba utamzungusha, mwandikie tarehe ya mwisho ya kumpa jibu. Ikibidi utoe kishika uchumba, mkataba useme wazi kwamba ukaguzi ukionyesha mpaka si sahihi au jengo lina ubovu mkubwa, hela inarudi.

Anayekataa kabisa mtu asipande kwenye dari, au asiyetaka majirani waulizwe, ameshakupa ripoti yake bila malipo. Yule mteja wa kesho mwenye hela taslimu mwache aje. Nyumba zinauzwa kila wiki. Mtaji wa miaka kumi hauokotwi kila wiki.

Na tuwe wakweli, ukaguzi hauoni kila kitu. Hakuna anayevunja lipu ya nyumba isiyo yake aone tofali, wala kuchimba msingi wote. Kwa hiyo hata ripoti ikiwa safi, tenga akiba ya matengenezo ya mwaka wa kwanza kabla hujahamia, na isitoke kwenye hela ya mzigo. Duka liendelee kusimama. Duka ndilo lililokununulia nyumba, na ndilo litakalolisha watu watakaolala humo.

Kama una mwenzako sokoni anayezungushwa na dalali wiki hii, mpelekee haya ayasome kabla hajatoa hela. Biashara njema.